Bei ya Mchele wa Kulwa na Doto

Jumatatu, 9 Februari

Nimeamka Doto yuko begani, Kulwa kanilalia mguu. Chai bila sukari. Imeisha, na kwa jirani imepanda tena.

Ubatizo wa hawa mapacha ni Jumapili. Padri ameshasema: ikipita hii, Kwaresima inaingia, tusubiri Pasaka. Baba Kulwa yuko Kabungu anajenga madarasa, katuma hela ya chakula jana. Kwenye simu kasema, isipotosha tusogeze tu. Sisogezi. Mama yangu anatoka Mpimbwe na nguo mbili nyeupe, kashona mwenyewe kwa mkono. Hawa watoto wananenepa kila nikigeuka. Pasaka nguo zile zitawaishia kitovuni.

Nahitaji sado tano za mchele, yale makopo ya rangi wanayopimia sokoni. Kwetu ndiko unakolimwa, lakini sasa hivi mpunga uko majini na ghala lina panya tu. Tunauza wakati wa mavuno, tunanunua wakati wa njaa. Ndiyo akili zetu.

Wiki hii nazunguka. Sinunui kitu kabla sijauliza sehemu tatu.

Jumanne, 10 Februari

Supamaketi mpya karibu na stendi. Mle ndani baridi kama Sumbawanga. Watoto walilala hapohapo, ningeweza ningehamia.

Sukari nafuu. Sabuni nafuu. Mafuta sawa na sokoni. Mchele uko kwenye mifuko inayong'aa. Nilisoma bei, nikaurudisha taratibu kama yai.

Nikalipia sukari, chenji ikakosekana, binti wa kaunta akanipa pipi moja. Nikamwambia nina mapacha, ukimpa mmoja umpe na mwenzie. Akasema mashine yake haijui mapacha. Kisha akacheka, akatoa ya pili kwenye pochi yake mwenyewe.

Nimekula mimi zote. Wao hawana meno.

Jumatano, 11 Februari

Sokoni. Nimefanya jambo nisilolipenda.

Mchele nanunua kwa Mama Shukuru tangu nimeolewa. Wazee wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hukuhuku, na mdomo wake ni wa hukuhuku. Anajaza sado mpaka juu panakuwa kichuguu. Halafu nyongeza: konzi moja ya Kulwa, konzi moja ya Doto. Hajawahi kusahau mmoja.

Lakini mwisho wa soko kuna bwana mpya, kofia nyekundu. Kwake kila sado imepungua mia tano. Nikapiga hesabu ya nyanya na vitunguu hapohapo. Nikanunua tano.

Kutoka, njia ni moja. Nikapita mbele ya Mama Shukuru na mfuko kichwani.

"Mama Mapacha! Hongera, naona umehama mtaa."

Meza nzima wakacheka. Na mimi nikacheka. Masikio yalikuwa ya moto.

Alhamisi, 12 Februari

Nimepima. Nilichukua ile sado yangu, kopo la rangi ninalochotea maji ya kuwaogeshea watoto, nikaikausha vizuri. Tano za sokoni zimetoka nne na kidogo. Nikamwaga, nikapima tena. Nne na kidogo.

Sado ya yule bwana imebonyezwa kitako kwa ndani. Haiwezi kuwa kingine. Nilitazama bei, sado sikuitazama. Mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga! Mama akijua nitakoma.

Nililia kidogo. Doto akanisaidia, Kulwa akamalizia.

Hela ya kuongeza sina, mafuta na sukari nimeshanunua. Baba Kulwa nilipompigia akaanza, "Si nilikwambia tusoge..." Nikakata. Nampenda ila nilikata.

Ijumaa, 13 Februari

Kulwa mgongoni, Doto kifuani, mchele kichwani, sado mkononi. Kutoka nyumbani Nsemulwa mpaka sokoni tope tupu. Nilifika nimechoka hata hasira imepungua.

Nikamwambia yule bwana apime kwa hii yangu. "Dada, kila muuzaji na kipimo chake." Nikaishika sado yake, nikaigeuza mbele ya watu. Kitako kimeingia ndani kama tumbo la mbwa mwenye njaa.

Sikupiga kelele. Nilivuta kigoda chake, nikakaa, nikaanza kunyonyesha. Nikamwambia hawa ni wawili, wananyonya kwa zamu, muda ninao. Wateja wakawa wanakuja, wanaangalia ile sado, wanaondoka.

Ndipo sauti ikatoka kule mbele, ya Mama Shukuru. "We kaka, mpimie mama wa watu! Ukiwaudhi mapacha biashara inaota magugu!"

Yule bwana akapima. Tano kamili. Nikakinga tena kitenge: nyongeza, konzi mbili. Akatoa huku anaangalia pembeni.

Nikaenda kwa Mama Shukuru kushukuru. Akaendelea kupepeta, hakuinua uso. Nikamwambia saa ya ubatizo na nyumba ilipo. Akasema, "Haya." Haya tu.

Imeniuma kuliko mchele.

Jumapili, 15 Februari

Wamebatizwa! Nguo zimeingia, ingawa kwapani tuliomba Mungu. Doto alitulia kama mtu mzima. Kulwa alimpiga padri teke.

Wali umetosha. Mama kaonja kijiko, kafumba macho, kasema mchele huu wa kwetu. Sijamweleza ulivyozunguka. Baba Kulwa kala sahani tatu, halafu anawaambia watu eti yeye alijua tu itatosha. Nyie wanaume.

Tunaosha vyombo, nasikia hodi. Mama Shukuru, katokea kanisani kwao, bado na Biblia kwapani. Mkononi vifuko viwili vya mchele vimefungwa sawasawa. Kimoja kakiweka karibu na Kulwa, kimoja karibu na Doto.

"Hii zawadi, siyo nyongeza. Nyongeza uifuate mezani kwangu."

Nikaingia ndani kutafuta sahani. Nilikaa huko kidogo.

Jumatatu, 16 Februari

Mama kaondoka na basi la asubuhi. Nguo mbili nyeupe ziko kwenye kamba. Mvua haijanyesha.

Nimepita sokoni kuchukua maharage. Kwa Mama Shukuru sikuuliza bei. Sado yake niligeuza, nikatazama kitako. Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akajaza kichuguu, na konzi mbili juu.

Watoto wamelala wote kwa pamoja. Sado yangu imerudi bafuni.