Mpaka Alama ya Pasi Waliiga

Alhamisi, sokoni Nyakoe. Mvua imeanza mapema, na mimi nimeshika simu tangu saa tano kama mtu anangoja majibu ya daktari.

Wacha niseme yote, nikinyamaza nitapasuka.

Asubuhi amekuja mwenyekiti wa kikundi cha akina mama huko Nyacheki, mama mtulivu na daftari yake kwapani. Wanataka gauni za sare, na mtindo nitoe mimi kwa kichwa yangu. Kikundi mzima! Tangu shule zifunguliwe mimi nabadilisha zipu tu, kwa hivyo nilikuwa nimeanza kucheka kabla amalize.

Halafu akasema, "Mama Moraa, tushonee kwanza moja ya bure, niende nayo tuione kwa mkutano."

Nikaacha kucheka.

Si unajua ile ya wamama wa Ogembo? Kama hujui umebaki peke yako, maana soko yote nimeambia. Nao waliomba gauni moja ya kuonja. Nikashona, na kitambaa yangu. Nikipiga pasi, jirani akaniletea habari ya mwalimu fulani na bibi wa pili, na wewe unanijua kwa habari kama hiyo. Pasi ya makaa ikakaa begani ikachoma. Nikafunika na ua la kitambaa, nikajifanya ni urembo. Wakaichukua, wakasema watanipigia.

Hawakupiga.

Siku ya makambi ya kanisa nikawaona wakiingia kwa mstari, wote na gauni yangu, na kila mmoja ana ua bega la kushoto. Kila mmoja! Fundi wao aliiga mpaka kuungua kwangu. Nilicheka nikatoka nje ya hema.

Huko nje nililia. Hiyo ya kulia sijawahi kuambia mtu.

Kwa hivyo leo nimemwambia mwenyekiti, "Nitashona, mama, lakini haitoki hapa. Leta wenzako waje waiguse, waijaribu hapa hapa."

"Kwani sisi ni wezi?"

Mimi huyu, mwenye mdomo, nikasema tu, "Sio nyinyi. Lakini nilishaibiwa."

Akafunga daftari. "Tutakupigia," akasema, akaingia kwa mvua.

Maneno ni yale yale, Nyasae, Mungu wangu.

Nilitoka nimfuate nimwambie basi chukua, nikafika mwisho wa mabati ya kibanda nikarudi ndani. Sijui ni akili au ni kiburi. Sasa ni saa tisa na simu bado imenyamaza.

Nimeitia kwa mkebe wa uzi, nikakata kitambaa. Nashona hiyo gauni leo, na ua naweka bega la kushoto, kwa sababu ni langu, hata kama lilianza na umbea.

Mwenyekiti akija na wenzake, ataikuta imening'inia hapa mlangoni. Asipokuja, nitaivaa mwenyewe Sabato, nipite mbele ya wale wa Ogembo polepole sana.