Ndoano kwenye Jina la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Kigera, kwenye kibanda changu cha kuchapa. Umeme umerudi saa nne asubuhi. Nimechapa mitihani ya shule mbili na mwaliko mmoja wa harusi, kisha nikarudi kwenye historia ya marehemu baba mkwe. Sijala tangu jana. Mama mkwe kasema mimi ndiye nitakayeisoma Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, Butiama. Wakamwana tuko wanne. Kanichagua mimi, binti wa fundi cherehani Mwislamu wa Bunda. Tangu niolewe ananisalimia kama mgeni aliyepotea njia. Heshima au mtego? Sijui. Naogopa.

Shida ni jina. Katika ukoo huu mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hata akishazikwa. Anasema "Baba", basi. Wifi Nyangeta, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye anayenitumia masimulizi kwa ujumbe wa simu, nami nayabandika yalivyo; humo analitaja kila sentensi. Kwake ni ruksa. Mimi nikiteleza mara moja mbele ya ukoo, nimekwisha.

Programu ninayoandikia inakubali kuongezewa vitu. Nimeitundikia ndoano, amri ndogo inayojiendesha: kila ninapohifadhi faili, lile jina linabadilishwa kwanza kuwa "Baba". Nimejaribu, inanasa. Angalau leo nitakula.

Hata humu siliandiki.

Jumatano, 6 Agosti

Aibu tupu. Mwalimu mkuu kapiga simu, anacheka mpaka anakohoa. "Dada Zuhura, huyu mwanafunzi wa darasa la nne anaitwa Baba, ana watoto wangapi?"

Ndoano niliitundika ya jumla. Ikashika kila faili ninalohifadhi, na jina la baba mkwe ni la watu wengi huku kwetu Mara.

Nikatundika nyingine, ya ndani, kwenye faili la historia peke yake. Nikadhani ile ya jumla itanyamaza. Wapi! Ya ndani haimfukuzi mwenzake. Kwenye historia zikafanya kazi zote mbili, ya ndani ikitangulia na ya jumla ikifuata. Kwenye mitihani, ile ya jumla ikawa palepale, inakula majina ya watoto wa watu. Mpaka nimeing'oa mwenyewe. Sasa imebaki ya ndani tu.

Nimeomba radhi shuleni na kuchapa upya. Haraka haraka haina baraka, mama yangu hachoki kuniambia, nami sichoki kusahau.

Alhamisi, 7 Agosti

Wifi kaleta simulizi la mwisho. Jinsi Baba alivyomvusha mama mkwe mto mgongoni, mvua inapiga, na yeye Nyangeta yumo tumboni. Zuri. Nimelia kidogo.

Nimelitoa faili kwenye hali ya maandishi ya kawaida, nikaliweka kwenye hali ya kupanga kurasa. Nikaingiza simulizi, nikahifadhi, nikachapa. Kurasa nne. Nilitaka kuzipitia zote, akaingia mteja, kisha umeme ukakatika, kisha mume wangu akaanza kuita mizigo ifungwe.

Imekwisha. Mbona sina raha?

Ijumaa, 8 Agosti

Butiama. Moshi, sufuria, watu. Wakamwana wenzangu wananitania: "Msomaji asile sana, kesho atapaliwa." Nimecheka kwa meno tu. Mama mkwe hajaniangalia usoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Kurasa tatu zilikwenda vizuri. Sauti ilitulia. Ukurasa wa nne, mstari wa kwanza: jina. Jina lenyewe, zima. Na ulimi ulishaanza. Nusu ikatoka.

Nikaelewa palepale. Ukibadilisha hali ya faili, programu inafagia vyote vya ndani, ndoano ikiwemo, wala haikuambii. Ningeitundika kwenye ile hali ya kupanga kurasa yenyewe, ingekuwepo. Elimu imekuja nikiwa nimesimama mbele ya ukoo mzima na nusu ya jina la marehemu mdomoni.

Mtu akaguna. Nilitaka kufa. Wifi Nyangeta aliinamisha kichwa.

Mama mkwe akasimama. Nilijua ananifukuza. Akalitaja jina, zima, kwa sauti.

"Ndilo jina lake," akasema. "Nami nilikuwaga namwita Baba Nyangeta tu, mpaka tumemzika. Sikulitajaga hata siku moja, na yeye mwenyewe hakuwahi kulisikia kwangu. Soma, mwanangu. Ukifika hapo, ntalitaja mimi."

Nikasoma. Kila nilipofika kwenye jina nilinyamaza, naye akalitaja. Mto, mvua, mgongo. Mara ya tatu sauti yake ilikatika, tukamsubiri wote mpaka akaweza.

Mwanangu. Kaniita mwanangu.

Jumapili, 10 Agosti

Wageni wameondoka. Mume wangu kaenda kurudisha viti na turubai. Mimi nimechota maji.

Nilipokaribia jiko la nje nilimsikia mama mkwe ndani, peke yake, anasugua sufuria. Akalitaja lile jina. Akanyamaza, akalitaja tena, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Sikuingia. Nilisimama nje na ndoo kichwani mpaka akamaliza.