Duara Kwenye Picha ya Nyota

Irente, Lushoto
9 Juni

Dada Imelda,

Shikamoo. Huku ni baridi na ukungu, ila kabichi zimestawi. Mama anashukuru kwa karafuu ulizomtumia kutoka Muheza.

Ile picha ya anga bado sijaipeleka kwenye mashindano. Nyota moja kali imezungukwa na duara la mwanga. Duara la namna hiyo huletwa na lenzi, nasi wapiga picha huliondoa kwenye kompyuta. Nimelifuta wiki tatu sasa, na kila nikitazama upya, lipo.

Jana mchana nilimwita mke wangu, Glory, alitazame.

"Duara gani?" akauliza. "Hapa pako safi. Ila umefuta mpaka nyota ndogo zote za pembeni."

Nilidhani ananitania. Nikawasha taa ya sebuleni. "Na ile taa, haina duara?"

"Haina, Salvatory."

Dada, marehemu baba alianza hivyo hivyo. Alisema taa za kanisani zina pete, sisi tukacheka. Daktari alipotuambia ni presha ya macho, tulikuwa tumeshachelewa, akapofuka. Mimi nina miaka thelathini na nne, na sijui kazi nyingine isipokuwa kupiga picha.

Mama hajui, tafadhali usimwambie.

Leo asubuhi nilifika mpaka kwenye geti la hospitali, nikarudi nyumbani. Glory nimemdanganya kwamba daktari hakuwepo. Njoo unipeleke mara upatapo barua hii, dada, hata kama shughuli ni nyingi. Mbele yako nitaona aibu kukimbia.

Mdogo wako mwenye hofu,
Salvatory