Viza Imetoka

Johannesburg, Agosti 2018

Yaya Clémentine, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako Héritière, kutoka huku kwenye baridi inayopasua midomo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba mguu wa Mama umeacha kuvimba. Nisalimie na Joséline, kitinda mimba wetu. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na utanisamehe kama mwandiko unayumba.

Utajiuliza kwa nini naandika kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu ya nyumbani iko mkononi mwa Baba, na Baba hapokei tena ninapopiga. Gaston amemwambia nimepata mwanamume mwingine huku. Ni uongo, Yaya. Soma mpaka mwisho, ukiwa peke yako.

Unakumbuka tulivyofurahi Gaston alipotoka Marekani mwaka jana kuja kunioa. Mtoto wa Uvira, mwenye paspoti ya Marekani, anayesali mpaka machozi yanamtoka! Mchungaji alitufungisha ndoa, tukaenda kuiandikisha serikalini, na Gaston akaanza kuniombea makaratasi. Alinieleza kwamba nitapewa viza ya mke, nikifika nitapata grini kadi ya miaka miwili, kisha mimi na yeye tutatia sahihi pamoja ili iwe ya kudumu, na baadaye nitaapa kuwa raia. Niliyashika yote kama katekisimu. Tangu nifike huku naishi kwa karatasi ya ukimbizi, napanga foleni kila mara nisije nikafukuzwa. Niliona Mungu amenikumbuka.

Majuma yale aliyokaa kwangu Hillbrow, kila alipotoka alinifungia kwa nje na kuondoka na ufunguo. Alisema ghorofa zile zimejaa wezi. Nilicheka, nikamwambia Murielle, rafiki yangu ninayesuka naye nywele saluni, kwamba mume wangu ananipenda kupita kiasi. Murielle hakucheka. Aliniuliza moto ukiwaka nitatokea wapi.

Aliporudi Marekani alitaka niache saluni. Kisha akataka nimtumie vyeti vyangu, cha kuzaliwa na cha ubatizo, avitunze yeye. Kila jioni alinipigia simu ya video, akaniamuru niizungushe aone chumba kizima, hata nyuma ya pazia. Niliamini eti ndivyo ubalozi unavyotaka, mke na mume wajuane.

Siku ya mahojiano ya viza kule Sandton, ofisini kwa Wamarekani, nilivaa kitenge ulichonitumia. Afisa, mama mmoja mwenye mvi, aliniuliza tulikutanaje, nani walihudhuria harusi, Gaston anafanya kazi gani. Nilijibu vizuri. Halafu akaweka kalamu chini, akamwita mama wa Kitanzania aje kutafsiri, maana alitaka nielewe kila neno. Akaniuliza kama namfahamu Denise.

Nikasema simfahamu.

“Denise alikuwa mke wake wa kwanza,” yule mama alinitafsiria taratibu, kwa Kiswahili chao kizuri. “Mahakama ilimtia mumeo hatiani kwa kumpiga. Tunatakiwa tukuambie kabla hujasafiri. Viza utapewa. Kwenda au kutokwenda ni uamuzi wako wewe.”

Yaya, nilitabasamu. Sijui kwa nini. Niliwashukuru, nikatoka, nikavuka barabara robot, zile taa za kuongozea magari, ikiwa nyekundu, magari yananipigia honi.

Murielle alimtafuta Denise kupitia Wakongo wa makanisa ya kule mpaka akampata. Nilipompigia, aliniomba nisubiri ahamishie simu sikio lingine, kwa sababu la kushoto halisikii tena. Hakumtukana Gaston. Alisema tu kwamba kila alipotaka kuita polisi, Gaston alimkumbusha ile sahihi: bila yeye, atarudishwa Kongo. Baadaye sana ndipo mwanasheria alimweleza kwamba mke anayepigwa anaweza kuomba kadi ya kudumu mwenyewe. Sikio lilikuwa limeshakwenda.

Nikamdanganya Gaston kwamba viza bado. Akasema kwa upole, kwa sauti ile ile anayoombea chakula, “Imetoka. Nimeiona kwenye kompyuta. Kwa nini unanificha, mama?” Haikupita muda, mlinzi wa ghorofa akaniambia kuna wanaume wawili waliokuja kuuliza huwa natoka saa ngapi. Nilihama na begi moja. Nalala kwa watu wema. Ni wapi, sitaandika, ili hata wakikulazimisha usiwe na la kusema.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Nilipomwambia Gaston kwamba siendi, hakufoka. Alisema, “Sawa. Nitakupa talaka. Kwa baba yako wako mabinti wengine.” Nilidhani ni hasira. Lakini juzi Joséline aliniandikia kwa simu ya rafiki yake, akiniomba nisimwonee wivu: shemeji amemwomba picha na cheti cha ubatizo, na Baba amekubali. Nilimjibu nikamweleza yote. Tangu hapo namba ile haipatikani.

Tulikuwa tunamngojea Gaston huku kwa hofu. Kumbe haji huku. Mchungaji amemwambia Murielle kwamba atatua Bujumbura Jumamosi, na kutoka pale kuvuka mpaka hadi Uvira unajua mwenyewe si mbali.

Kwa hiyo nampa barua hii Alexis, jirani yake Murielle, anayeruka kesho Alhamisi kuja huko Uvira kumzika baba yake. Ameniapia ataitia mkononi mwako kabla hajafika msibani. Ukishaisoma usipoteze muda kumshawishi Baba. Mchukue Joséline na vyeti vyake, mpeleke mahali ambapo hata mimi hutaniambia. Atalia, atakutukana, atasema tumemzibia njia. Mwache alie.

Na kama barua itachelewa, ukamkuta Gaston ameshaketi sebuleni anapewa chai, usionyeshe kwamba unajua lolote. Mpe mkono, mwulize habari za safari. Kisha ingia ndani kama unayefuata sukari, umtoe mdogo wetu kwa mlango wa jikoni.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Baba naye msalimie, bado ni baba yangu. Mungu akupe miguu myepesi, Yaya.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Héritière