Kiti Kikibaki

Kiamunyi, 27 Aprili 2008

Wariara dada yangu,

Mama amepona kikohozi, sasa analalamika tu kwamba huandiki.

Nilikucheka sana, rubani anayeishi Unguja na kazi iko Nairobi, kila safari unangoja kiti kikibaki kwenye ndege ya wenzako. Sasa ni zamu yangu. Tangu tuchomewe nyumba Keringet mwezi wa kwanza tunalala huku, na asubuhi naomba lifti kwa lori linaloenda kuchukua maziwa, kiti kikibaki, nikapalilie viazi vyetu kule Keringet. Jirani yetu Sitienei ndiye aliyenipandia, akanipigia simu: "Peterson, njoo, vimeota."

Jana dereva aliniuliza, "Mzee, kila siku unaenda kazi?"

"Hapana, boss. Naenda nyumbani."

Kaka yako asiyekucheka tena,
Peterson