Yule Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 28 Julai 2025

Mazoezi asubuhi. Baridi, vumbi puani. Goti limetulia — siamini. Nilipiga mashuti mpaka kocha akasema basi, Mholanzi, waachie na wenzako mipira.

Mholanzi. Kule Nijmegen, nilikozaliwa, niliitwa Mtanzania kwa sababu ya mama. Hapa Soweto, Afrika Kusini, kwa mama mdogo Happyness, nakula ugali kila siku na naitwa Mholanzi. Sijui hata niwajibu nini.

Haya. Leo nimemtumia Damien, wakala wangu, video za mechi tatu za mwisho. Tangu klabu yangu ya Uholanzi iniache kwa sababu ya goti nimekuwa nikimwambia, nipe muda, nitarudi. Sasa aone mwenyewe. Miaka thelathini si uzee. Au kwa mshambuliaji ni uzee? Wengine wanasema hivi, wengine vile.

Alhamisi, 7 Agosti

Damien kimya.

Lerato naye kimya. Huyu ni binti wa mama mdogo, ana miaka kumi na tisa. Timu moja ya wanawake, chumba kimoja. Kwenye teksi, daladala za huku, huwa anaongea mpaka abiria wanageuka — mimi Kiswahili, yeye Kiingereza na Kizulu, na tunaelewana. Leo aliangalia dirishani mpaka tukashuka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema eish, amechoka tu.

Labda ni benchi. Anacheza nafasi yangu, anaingia mimi nikitoka. Kosa la nani? Si langu. Lakini nimeketi naye kama mtu mwenye kosa.

Jumanne, 12 Agosti

Damien amepiga! Nilikuwa spaza, kiduka cha mtaani, nanunua mkate. Nikauacha kaunta nikatoka nje nisikie vizuri. Klabu ileile iliyoniacha inatafuta mshambuliaji kabla usajili haujafungwa. Wameziangalia video zote. Nikamwambia goti limepona kabisa. Akasema amefurahi kusikia hivyo. Kisha akauliza:

"Yule namba kumi na saba ni nani?"

Nilidhani sikusikia. Akarudia. Yule mwembamba anayeingia kipindi cha pili, anayegeuka kabla mpira haujamfikia. Ana mkataba wa muda gani? Ana pasipoti?

Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kwa nini nimefanya hivyo? Ni Lerato, mdogo wangu. Kule kugeuka nilimfundisha mimi! Nimerudi nyumbani bila mkate. Mama mdogo akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 13 Agosti

Sikumwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeshinda mbili bila. Kocha alimwingiza Lerato mapema, tukacheza pamoja mbele. Mimi moja, yeye moja. Langu lilitokana na pasi yake. Angeweza kupiga mwenyewe, kipa alikuwa chini. Akanipa mimi. Alipofunga la kwake nikawa wa kwanza kumkumbatia na wa kwanza kumwachia. Sijui kama alihisi.

Parfait, anayetuchua misuli, Mkongo wa Bukavu, alinipapasa goti baada ya mechi. "Hii goti iko na moto. Uko unanificha nini?"

Simfichi kitu, nikasema. Siku hizi naongopa bila hata kufikiri.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemwambia.

Tulikuwa uani tunaanika nguo, mama mdogo yuko kanisani. Nilisema yote, hata kukata simu. Yeye akaendelea kubana jezi kwenye kamba. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ambacho hakitumii hata mama yake akimgombeza:

"Najua, dada. Mtu wa klabu aliandika mimi. Mimi naogopa kuambia wewe."

Walimpata mtandaoni, kabla hata Damien hajaniuliza. Kwa hiyo muda wote huo tumelala vitanda viwili vinavyogusana, kila mmoja na siri ileile. Nilitaka kucheka, nikalia.

Nikamuuliza kama anataka kwenda. Hajui. Baba yake amekufa. Mama atabaki na nani? Halafu akauliza, na wewe watakupa jezi namba ngapi. Nikamwambia sikuitwa. Akaninyang'anya ndoo, akaibeba yeye.

Sijui ni nani anamwonea nani huruma.

Jumatano, 20 Agosti

Mama mdogo ameambiwa. Hakupiga kelele kama tulivyoogopa. Alisema yeye mwenyewe aliondoka Morogoro akimfuata mumewe, mkimbizi wa ubaguzi wa rangi aliyekuwa anarudi kwao huku kwa furaha, na kwenye ndege nzima ni yeye peke yake aliyekuwa analia. Kisha akamtuma Lerato dukani, akanigeukia.

"Wewe umeishi huko. Watamtunza mwanangu?"

Nilikumbuka siku waliyoniita ofisini, goti bado lina nyuzi. Walinipa kahawa. Nilikumbuka pia jukwaa zima likiimba jina langu, na jinsi nilivyokuwa nalala vizuri miaka ile. Lipi nimwambie? Yote ni kweli.

Nikasema viwanja vyao ni vizuri.

Akauliza kama nataka chai.

Nimemtumia Damien namba ya Lerato. Klabu inaleta mtu Jumamosi.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa chumba cha matibabu, barafu gotini. Mechi bado inaendelea.

Mtu wao yuko jukwaani. Nilimtambua — ndiye aliyenisajili mimi nikiwa na umri wa Lerato. Akanipungia mkono, nikampungia. Uso wake haukuonyesha aibu yoyote. Labda hakuna cha kuonea aibu? Ni kazi yake.

Kocha alituanzisha wote wawili. Mpaka mapumziko ilikuwa sare, bao moja moja. Kipindi cha pili niliruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, na goti likaenda upande wake. Lerato alifika kabla ya Parfait. Nikamwambia beki wa kushoto amechoka, ampitie huko. Ndilo neno pekee lililonijia. Sikumwambia usiogope. Sikumwambia nenda.

Parfait amenifunga barafu. Usisimame, dada, amesema, niko narudi. Akakimbilia uwanjani.

Humu chini ya jukwaa hakuna dirisha. Nasikia tu. Kelele zimepanda — zimekatika — zimepanda tena, miguu inakanyaga juu ya kichwa changu, dari linatoa vumbi. Bao. La nani? Wanaita jina, lakini ukuta ni mnene, sisikii jina gani. Nataka liwe lake. Nataka liwe lake, halafu akishaondoka mimi ni nani humu? Sijui. Liwe lake tu!

Barafu imeanguka sakafuni. Naandika nimeegemea mlango, mguu mmoja, mkono wa pili kwenye kitasa.