Ndege ya Mchele

Jumatatu, 7 Julai
Nimefagia toka mlango wa nyuma hadi chumba cha rubani. Hatua ishirini na mbili. Meza nane nimezifuta, wa kuzikalia hakuna mpaka saa saba. Bi Raya, mpishi wetu, kaja na pweza wake, kawasha jiko nje chini ya bawa. Mdomo mrefu, mkono mtamu. Kasema nimekonda. Nani wa kuninenepesha?

Miaka ishirini na sita jeshini nilikuwa mfunga mizigo ndani ya ndege hii hii. Nikastaafu, nikarudi Pemba, nikakuta mama keshakufa na nyumba imelala chini. Ndege nayo ilikuwa imestaafu. Ililetwa Mkoani kwa tishari, vipande vipande, Mzee Hemedi akaiunga hapa Madungu, Chake Chake, akaifanya mkahawa. Basi tuko wawili. Watu wananiita Sajini. Jina langu hawalijui, wala hawaulizi.

Jumatano, 9 Julai
Nimeropoka. Mwalimu mmoja kaja na wenzake, kauliza hizi pete za chuma sakafuni za nini. Za kufungia mizigo. Mizigo gani? Hapo ndipo ningenyamaza. Nikataja mahema, unga, magari, na majeneza ya askari wetu waliofia nje wakilinda amani. Tena nikawaonyesha na pahala pake. Sijui kiherehere gani kilinipata. Labda kwa kuwa siku nyingi mtu hajaniuliza lolote zaidi ya bei ya soda.

Wameacha mchuzi mezani, wamekwenda zao.

Ijumaa, 11 Julai
Ijumaa baada ya sala huwa tunajaa. Leo hata paka hakuja. Chake nzima inasema tunalisha watu ndani ya jeneza. Bi Raya kaona pweza ataharibika, kampelekea jirani sahani. Sahani imerudi na pweza wake. Kwetu sahani hairudi tupu, lakini kurudi na kile kile kilichopelekwa, hilo tusi. Bi Raya kalia kwa hasira. Mimi nimeosha masufuria ambayo hayakupikiwa.

Jumamosi, 12 Julai
Mzee Hemedi kaja. Hakupandisha sauti. Watu wa vyuma chakavu wanaitaka ndege. Mwezi ukiisha hivi, atawapa waikate. Ila kama kuanzia leo nitamwambia kila anayeuliza kwamba ilibeba mchele tu, atavumilia.

Nimesema sawa, mzee. Ndevu zote hizi nimekubali uongo, kwa sababu sina kwengine pa kwenda.

Jumatatu, 14 Julai
Mchele, mchele, mchele. Nimesema mpaka ulimi umekuwa mzito. Wameanza kurudi, mmoja mmoja.

Saa tisa kaingia mama mtu mzima. Kavua viatu mlangoni kama anaingia nyumba ya mtu. Bi Time, wa Makoongwe. Kavuka kwa boti, kapanda gari toka Mkoani, kwa ajili ya suali moja. "Ati mwanangu, ndege hii ndiyo iliyomrejesha Omari wangu?"

Mzee Hemedi alikuwa meza ya kwanza anakunywa chai. Nikasema hapana, mama, hii ilibeba mchele. Akasema ahsante. Akavaa viatu vyake.

Omari Faki. Namkumbuka vizuri. Nilimfunga kwa mikono yangu, ubavu wa kulia, ilipo meza ya nne sasa. Nimekuwa mtu duni.

Jumatano, 16 Julai
Chakula hakipiti. Bi Raya kanikemea, nikamweleza yote. Akasema: "Sajini, wewe unaogopa kukatiwa ndege. Mwenzio keshakatwa maini." Kanifungia mkate wa ufuta, nisende kwa watu mikono mitupu.

Alhamisi, 17 Julai
Makoongwe. Nilipiga hodi, mkate mkononi. Nikamwambia Bi Time nilimdanganya, na kwa nini. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Kauliza jambo moja tu: njiani, Omari alikuwa na nani? Kila mwaka wanamsomea hitima, na kila mwaka hilo linamkaa rohoni. Nikamwambia alikuwa na mimi. Wenzangu walikaa mbele. Mimi nilikaa chini ubavuni mwake, nikamsomea Yasini. Kwa moyo nilikuwa najua nusu tu. Nikairudia nusu hiyo hiyo mpaka ndege ikatua.

Akalia. Na mimi nikalia, mbele ya mtu, kwa mara ya kwanza tangu mama afe. Kisha akapakua wali, tukala sahani moja. Sikumbuki lini nilikula na mtu sahani moja.

Ijumaa, 18 Julai
Asubuhi nimemwambia Mzee Hemedi kwamba mchele basi. Kapanda gari lake kaondoka. Sijui kama kesho nina kazi, wala kama ndege itaumaliza mwezi.

Bi Time alikuja baada ya sala. Kavua viatu mlangoni kama siku ile. Nikampeleka meza ya nne. Nikamwambia, hapa. Akainama, akaishika ile pete ya sakafuni, hakuiacha. Nikafungua msahafu nikaanzia pale nilipoishia safari ile. Wateja walikuwa watano. Wawili wakainuka wakaenda zao. Watatu wakasukuma sahani pembeni, wakaitikia dua. Bi Raya alizima jiko akaja kukaa kwenye ngazi.

Nilipomaliza, Bi Time kaniuliza jina langu. Khatibu, nikamwambia. Akavuta kiti cha pili. Akasema haya Khatibu, njoo ule. Pweza alikuwa keshapoa. Nikakaa, tukala.